Andika Kasoro, Acha Tabia

Wengi wakisikia nafanya kazi ya mapaa hapa Phoenix, Arizona, hudhani nashinda juu nikiezeka. Kwa miaka kadhaa kazi yangu hasa ilianza baada ya wenzangu kuondoka. Kampuni imemaliza, imelipwa, miezi imepita, halafu mwenye nyumba anapiga simu na sauti yake imejaa hasira: dari imetoa doa la kahawia. Mimi ndiye niliyetumwa na ngazi, mpira wa maji na kamera. Ofisini waliniita mtu wa dhamana. Wenye nyumba waliniita majina mengine. Baadaye nilipata leseni yangu na kuanza kufanya marekebisho madogo kwa jina langu mwenyewe, na hapo nikajikuta nimekaa upande wa pili. Wakongo, Warundi na Watanzania wenzangu walikuwa wameanza kununua nyumba, na walipopata matatizo na kampuni walizozipa kazi, simu ilinijia mimi: kaka, njoo utuangalizie, utusaidie kulalamika.

Nimesoma malalamiko nikiwa ninayelalamikiwa, na nimeyaandika nikiwa pamoja na anayelalamika. Yanayoleta fundi kwenye paa ni yale yanayosema kitu gani kimeharibika na kiko wapi. Yanayoeleza mkandarasi ni mtu wa namna gani huleta barua ya wakili. Hilo ni gumu kumwambia mtu aliyetoa akiba yake yote na sasa anaweka ndoo sebuleni, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Kwanza mtu aelewe paa la huku, kwa sababu si la bati kama la kwetu. Nyumba nyingi za Phoenix zina vigae vya saruji au vya udongo, na mwenye nyumba akiona vigae vimekaa safu moja, havijavunjika, huamini paa ni zima. Kigae hakizuii maji, si kwa maana anayoidhania. Kazi yake ni kubeba jua na kupunguza nguvu ya mvua. Dhoruba ikisukuma maji kwa ubavu, hupita chini ya kigae bila shida. Kinachozuia maji ni felti, ile karatasi nzito yenye lami inayotandikwa juu ya mbao kabla ya vigae, pamoja na mabati ya kuziba maungio: pale paa linapogusa ukuta, pale bomba linapotokeza, na kwenye vali, yaani mfereji ambapo miteremko miwili inakutana. Kigae kinaweza kukaa miaka 50 na zaidi. Felti, kwa joto la huku, huwa imechoka ikifika miaka 20 au 30. Ndiyo maana kazi kubwa ya waezekaji wa hapa ni kuinua vigae, kung'oa felti iliyokauka, kutandika mpya, kisha kurudisha vigae vilevile. Kwa nyumba ya familia kazi hiyo mara nyingi hupita dola 15,000, na ikimalizika hakuna kinachoonekana. Mteja amenunua kitu ambacho hatakiona tena mpaka siku kitakaposhindwa.

Halafu kuna mvua yenyewe, ambayo ni chache mno. Phoenix hupata kama milimita 180 kwa mwaka mzima. Mwezi mmoja mzuri wa masika kule Tanga unaipita. Msimu wa dhoruba huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Huanza ukuta wa vumbi unaofunika mji, halafu, ukiwa na bahati au mkosi, maji humwagika kwa nusu saa kama bomba limepasuka. Lakini si kila mwaka. Mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi, na msimu ule wote wa dhoruba uwanja wa ndege ulipima milimita 4 za mvua. Nne. Paa lililokamilika Mei ya mwaka ule lilipita msimu mzima bila kujaribiwa.

Nalitaja hilo kwa sababu ya saa ya sheria. Arizona ina ofisi ya Msajili wa Makandarasi, ambayo kila mtu kazini huiita ROC, na sheria inampa mwenye nyumba miaka 2 kupeleka malalamiko huko. Kwa kazi ya kuezeka upya nyumba unayoishi, hesabu huanzia kazi ilipokamilika. Haianzii siku doa lilipotokea darini. Mtu aliyeezekewa Mei 2023 alikuwa na mpaka Mei 2025, na ndani ya muda huo huenda mbingu hazikumpa hata dhoruba moja ya maana. Nimekutana na watu waliokuja kwangu na mvujo wa kweli, kasoro ya wazi, picha nzuri, na tarehe imeshapita kwa wiki chache. Bado kuna mahakama, lakini mahakamani utalipia kila hatua, na njia ya ROC ni bure.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kila anayeniuliza: usisubiri mvua. Kabla mwaka wa pili haujaisha, tafuta mtu anayejua kutembea juu ya vigae, mlipe kidogo, apande na mpira wa maji. Usipande wewe. Kigae cha saruji kinaonekana kigumu lakini kina sehemu za kukanyaga na sehemu za kutokanyaga, na nyayo zako zitakuwa ushahidi wa mkandarasi dhidi yako.

Kutafuta mvujo ni kazi ya subira, na hapa ndipo malalamiko mengi hushinda au huanguka, kwa sababu maji hayaingii pale yanapotokea. Yanaweza kuingia karibu na kofia ya paa, yakatambaa juu ya felti mita kadhaa mpaka yakakuta tundu la msumari, yakashuka kwenye mbao, yakafuata kenchi, kisha yakadondoka juu ya taa ya jikoni. Mwenye nyumba anaonyesha taa na kusema tatizo liko hapa. Mkandarasi anapanda moja kwa moja juu ya taa, anakuta kila kitu kiko sawa, anapiga picha, anaandika kwamba paa halina kasoro. Wote wawili hawajadanganya.

Njia niliyofundishwa ni kuanza chini. Mtu mmoja anabaki darini na tochi, mwingine anakuwa juu na mpira wa maji. Unamwagilia ukingo wa chini kwanza, dakika kumi, kumi na tano, bila haraka. Hakuna kitu? Unapanda hatua moja. Unamwagilia maungio ya ukuta, peke yake. Kisha bomba, peke yake. Kisha vali. Ukianza juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, na yakidondoka hutajua yameingilia wapi. Aliye darini akipiga kelele "yanakuja!", unafunga maji, unasubiri yakome, unafungua tena palepale. Yakirudi, umeipata. Halafu ndipo unainua vigae vya eneo lile na kupiga picha ya kitu chenyewe: felti iliyochanika, bati lililokatwa fupi, msumari uliopigwa katikati ya vali. Video ya jaribio kama hilo, mtu akionekana akifungua maji na mwingine akirekodi tone linavyoanza, ina uzito kuliko barua yoyote niliyowahi kuona. Mkandarasi mkorofi akiiona hupunguza sauti.

Kuna pia simu za Juni. Sitazisahau. Mwenye nyumba anapiga akiwaka: paa lenu linavuja! Unatazama nje, mbingu nyeupe kwa joto, hakuna wingu tangu Machi. Huo mara nyingi si mvujo wa paa. Ni kiyoyozi. Kwenye nyumba nyingi za huku mashine iko darini au juu ya paa kabisa, inafanya kazi mchana na usiku, na maji yake hutoka kwa kibomba chembamba ambacho kikiziba kwa vumbi hufurika. Doa linafanana kabisa na la mvua. Ukipeleka malalamiko ya paa kwa doa la kiyoyozi, umepoteza zaidi ya muda: siku utakapokuwa na mvujo wa kweli, kwenye faili lako kutakuwa tayari na maandishi kwamba uliwahi kulalamika bila sababu.

Na juu ya paa hupita watu wengi. Fundi wa kiyoyozi, waliofunga sola, aliyekuja kufukuza njiwa wanaozaliana chini ya sola. Kila mmoja anaweza kuvunja kigae na kuondoka bila kusema. Mimi nikiwa mtu wa dhamana, swali langu la kwanza lilikuwa nani mwingine amepanda hapa tangu tulipoondoka, na mara nyingi jibu lilitupa sisi nafasi ya kujitoa. Mwenye nyumba aliyekuwa na picha za paa za siku tulipomaliza kazi alitufunga mlango huo. Wengi hawakuwa nazo. Simu wanayo, ndege ndogo ya kukodi ya kupiga picha ipo, lakini siku ile wana furaha tu kwamba kelele zimekwisha.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuandika.

Mama mmoja kutoka Kivu, mjane, anaishi upande wa magharibi wa mji na watoto wake. Kampuni yenye leseni ilimwinulia vigae na kumtandikia felti mpya. Msimu uliofuata, ukuta wa jikoni ulianza kutoa unyevu. Alipiga simu ofisini, akaambiwa atapigiwa. Akapiga tena. Alipochoka, alimkalisha binti yake wa sekondari mezani, na kwa usiku mmoja wakaandika barua ya kurasa nne kwa Kiingereza. Ilikuwa na kila kitu. Muuzaji aliyekuja na viatu ndani ya nyumba. Redio ya mafundi. Misumari iliyotoboa tairi. Ahadi ya kumaliza kabla ya Pasaka. Neno "mwizi" lilikuwemo, na zaidi ya mara moja. Mvujo wenyewe ulikuwa ukurasa wa tatu, katikati, sentensi mbili.

Jibu lilitoka kwa wakili. Lilikuwa la heshima na halikusema lolote kuhusu jikoni.

Niliposoma ile barua nilijua kilichotokea ofisini, kwa sababu nimeona barua kama hizo zikifunguliwa. Anayefungua si mwenye kampuni. Ni dada wa mapokezi, mwenye mafungu mawili mezani. Barua yenye anwani, tarehe ya kazi na "maji yanaingia hapa" huenda fungu la ratiba, na mtu kama mimi anapangiwa siku. Barua yenye "mwizi" na "nitawashtaki" hupelekwa ndani. Bosi anaisoma, damu inapanda, anapiga simu kwa bima, na bima inamwambia asizungumze na mteja tena. Kuanzia hapo hata fundi anayetaka kwenda kurekebisha kwa hiari yake hawezi kwenda. Nimewahi kukatazwa kurudi kwenye nyumba ambayo nilijua kabisa bati gani tuliliacha vibaya.

Nilikwenda kwa yule mama jioni, baada ya kazi. Alinipa chai, akaweka zile kurasa mbele yangu.

"Ule mutu alikula franga zangu, mwanangu."

"Inawezekana, mama. Lakini mkaguzi wa ROC hapandi ngazi kutafuta wizi. Anatafuta maji."

"Na mimi niandike nini sasa?"

"Andika maji yanaingia wapi."

Alinyamaza, akamtazama binti yake. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote katika mambo haya: "Na ile heshima yangu, nani ataiandika?"

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Nilimwambia kurasa nne azitunze kwenye mkoba pamoja na mkataba, zisipotee, kwamba zina mahali pake kama shauri litafika mbele ya jaji. Halafu tulipanda, mimi juu, binti yake darini na simu ya kurekodi. Maji yaliingilia pale paa la jikoni linapoishia kwenye ukuta wa ghorofa. Palitakiwa kipande cha bati kilichokunjwa kusukuma maji nje, mbali na plasta. Hakikuwepo, na maji yote ya mteremko ule yaliingia nyuma ya plasta. Nilipoinua vigae vya ukingo niliona jambo la pili. Mkataba ulisema felti nzito, tabaka mbili. Mimi niliona tabaka moja.

Tukaandika upya, kwa maneno mepesi. La kwanza, kwenye maungio ya paa la jikoni na ukuta wa mashariki hakuna bati la kutoa maji nje, na maji yanaingia ukutani, video imeambatanishwa. La pili, mkataba, ukurasa fulani, unasema tabaka mbili za felti. Kwenye ukingo wa mashariki inaonekana moja, picha imeambatanishwa. La tatu, plasta ya ndani ya jikoni imeharibika kutokana na la kwanza. Tarehe ya kazi kukamilika. Tarehe alizopiga simu na majina ya waliopokea. Basi. Haikujaza ukurasa. Binti aliisoma kwa sauti na mama yake akasema inasomeka kana kwamba haikumuuma mtu. Ndivyo ilivyotakiwa.

Tuliituma kwanza kwa kampuni, kwa rejista, tukawapa muda wa kujibu. Hawakujibu. Tukaipeleka ROC kwa mtandao.

Huko mambo yana utaratibu, na ukiujua hutatishika. Ofisi inamjulisha mkandarasi. Ikibidi, mkaguzi anakuja kwenye nyumba, na pande zote mbili zinaitwa ziwepo. Anaangalia yale tu yaliyoandikwa kwenye malalamiko, hakuja kulikagua paa zima. Ukiwa umeandika "kazi mbovu kila mahali", hujampa mahali pa kusimama. Anapima kwa viwango vya kazi vilivyoandikwa na kwa mkataba wako. Akiona kasoro, mkandarasi hupewa agizo la maandishi la kurekebisha, na muda usiopungua siku 15. Asiporekebisha, leseni yake inaingia hatarini, na shauri linaweza kusikilizwa na jaji wa masuala ya utawala.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa mtu wa maneno machache. Mwakilishi wa kampuni alianza kueleza habari za barua ya kurasa nne, jinsi walivyotukanwa. Mkaguzi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, akauliza bati la ukutani liko wapi. Hilo tu. Sijawahi kuona hoja ikifa haraka namna ile.

Agizo lilitoka, na hapo ndipo nilipoona shauri zima likitaka kuvunjika kutoka upande wetu. Mama hakutaka warudi. Alisema hawatakanyaga tena kwenye uwanja wake, alete mtu mwingine na wao walipe. Namwelewa kabisa. Lakini njia hii imejengwa juu ya mkandarasi kupewa nafasi ya kurekebisha alichoharibu, na mwenye nyumba akikataa kumpokea, shauri linaweza kufungwa na mkandarasi akaondoka na karatasi inayosema alikuwa tayari.

"Mama," nilimwambia, "ukiwafungia geti, umewafungulia mlango wa kutokea."

Alikubali kwa masharti yake: waje asubuhi, binti awepo, redio isiwashwe. Niliona masharti hayo ni ya haki.

Kwa sababu hiyohiyo huwa naogopa watu wanapokimbilia kuita fundi mwingine kuziba. Mvua inaingia, huwezi kuiacha nyumba ioze, hilo ni kweli; funga turubai, tunza risiti, piga picha kabla na baada. Lakini fundi mwingine akishang'oa lile eneo na kulijenga upya, mkaguzi atakuta kazi yake, si ya yule unayemlalamikia. Kama hapana budi, weka vipande vilivyong'olewa. Nimewahi kuona kipande cha felti kwenye mfuko wa plastiki kikimaliza ubishi uliokuwa umedumu tangu kiangazi.

Pesa ndipo watu wanapovunjika moyo. Msajili anasimamia leseni. Kazi yake si kumwamuru mkandarasi akurudishie fedha jinsi mahakama inavyofanya. Kuna mfuko wa fidia kwa wenye nyumba, na mkandarasi wa nyumba za kuishi ama anachangia mfuko huo ama anaweka dhamana yake ya dola 200,000. Mfuko unaweza kumlipa mwenye nyumba anayeishi humo hadi dola 30,000 kwa hasara halisi, lakini kwa leseni moja jumla haizidi dola 200,000. Kampuni ikianguka ikiwa imewaacha watu wengi mapaa wazi, wanagawana hizo. Wanaochelewa wanaweza kukuta sufuria tupu.

Na mfuko huo haumhusu asiye na leseni. Kijana mmoja kutoka Bujumbura alikuja kwangu na mkataba mzuri, nembo ya rangi, namba ya leseni chini. Tulipoitafuta namba kwenye tovuti ya ROC, ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Aliyemwezekea alikuwa amewahi kufanya kazi huko na kuondoka na fulana. Ofisi inaweza kumfuatilia mtu kama huyo, kweli, lakini kwa dola zake yule kijana hakuwa na mfuko wa kugonga. Namba ya leseni hutafutwa kabla ya kusaini. Uangalie jina kwenye mkataba ni lilelile, leseni iko hai, na aina yake inaruhusu paa la nyumba ya kuishi: R-42, au CR-42 inayohusu nyumba na biashara kwa pamoja. Dakika tano.

Mkataba nao. Kazi ikizidi dola 1,000, sheria ya Arizona inataka yaandikwe mambo kadhaa, pamoja na jina na namba ya leseni, maelezo ya kazi, bei yote, tarehe ya kukadiria kumaliza, na maelezo kwamba una haki ya kulalamika kwa Msajili. Yote hayo nimeyaona yameandikwa vizuri na bado mteja amekwama, kwa sababu kwenye maelezo ya kazi palisema "felti mpya" tu. Felti gani? Tabaka ngapi? Mabati ya ukutani yanabadilishwa au yanarudishwa ya zamani? Yule mama alishinda hoja yake ya pili kwa sababu moja tu: mkataba wake ulitaja tabaka mbili. Muuzaji aliyeingia na viatu ndiye aliyeliandika neno hilo ili ashinde zabuni. Mtoto anayewasomea wazazi mkataba wa Kiingereza nyumbani, na kwenye jamii zetu mara nyingi ni mtoto, apewe kazi hiyo mahususi: tafuta neno linalosema ni nini, na kiasi gani.

Sitaki ionekane kwamba wakandarasi wote ni wa kukimbizwa. Dhoruba moja ikipita, kampuni hupokea simu nyingi kuliko ngazi ilizonazo, na kila anayepiga ana ndoo sebuleni. Aliyenifundisha kazi alikuwa na kanuni yake: simu ya mvujo ijibiwe siku hiyohiyo, hata kama fundi atafika baada ya wiki mbili. Mpe mtu tarehe, na mwambie aweke nini chini ya tone. Siku alizosimamia yeye ofisi, malalamiko yaliyofika kwa Msajili yalikuwa machache sana. Alipoondoka, mapaa hayakuwa mabaya zaidi. Simu ndizo zilizokuwa hazipokelewi, na mtu asiyejibiwa anaanza kuandika kurasa nne.

Kwa yule mama, walirudi asubuhi, wakafungua ukuta, wakaweka bati, wakainua upande wote wa mashariki na kuongeza tabaka la pili. Kabla ya kumaliza walimletea karatasi ya kusaini kwamba ameridhika. Nilikuwa nimemwonya: usisaini kwa macho, vigae vikisharudi hakuna utakachokiona. Alidai picha za kila tabaka zenye tarehe, na maji yamwagwe mbele yake kwa muda uleule tuliomwaga sisi. Fundi alilalamika kidogo, kisha akaburuta mpira wa maji. Ukuta ulikaa mkavu. Akadai pia dhamana ya kazi mpya iandikwe peke yake, ikianza siku ile, isihesabiwe tangu paa la kwanza. Mwakilishi alipiga simu ofisini, akazungumza kwa muda, akarudi na kuiandika kwa mkono kwenye karatasi yenye nembo, na mama akasaini chini yake.

Ile barua ya kurasa nne bado anayo. Anaamini yule bwana ni mwizi, na amewaambia hivyo watu wote wa kanisa lake.